Kushiba nako hufundishwa

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika safu ya barua za wasomaji niseme jambo ambalo limenikaa moyoni kwa muda mrefu, na ambalo naamini linawahusu Wakristo wa madhehebu yote, wenye kuimba kwa sauti na wenye kusali kimya. Jambo lenyewe ni kumtumaini Mungu wakati wa taabu na wakati wa neema. Kuhusu taabu yameandikwa na kuhubiriwa mengi, na maneno ya kumtia moyo mgonjwa, mfiwa na aliyepoteza kazi hayapungui makanisani. Wala sisemi yapunguzwe. Kuhusu neema tunanyamaza. Tunadhani kwamba aliyefanikiwa ameshavuka, kwamba imani yake imekwisha kupata jibu na sasa kilichobaki ni kushukuru, kutoa sadaka na kusimama mbele ya wenzake kushuhudia. Mimi nasema kwamba hapo ndipo mtihani mwingine huanza, tena mgumu kwa sababu haufanani na mtihani, na kwamba kanisa humwacha mtu aufanye peke yake.

Mtume Paulo alipowaandikia Wafilipi alikuwa kifungoni, na sehemu ya barua ile ni shukrani kwa msaada waliompelekea kwa mkono wa mjumbe wao Epafrodito. Katika kushukuru huko aliandika maneno ambayo wengi wetu tumeyashika nusu: "Nayaweza mambo yote katika yeye anitiaye nguvu." Nusu hiyo tumeibandika ukutani na kuichapisha kwenye fulana, na wanamichezo wameitumia kana kwamba ni ahadi ya kushinda mechi. Mstari unaoitangulia, ambao ndio unaotuambia mambo hayo yote ni yapi, hauchapishwi popote: "Najua kudhiliwa, tena najua kufanikiwa, katika hali yo yote, na katika mambo yo yote, nimefundishwa kushiba na kuona njaa, kuwa na vingi na kupungukiwa." Naomba msomaji aurudie polepole. Nimefundishwa kushiba. Kwamba njaa inahitaji mafunzo kila mtu atakubali, maana njaa huuma na anayeumwa hutafuta msaada. Lakini ni nani kati yetu aliyewahi kuomba afundishwe kushiba? Tunadhani shibe huja na adabu yake, kama usingizi unavyokuja kwa aliyechoka. Paulo, aliyepigwa mawe, aliyevunjikiwa na merikebu, na ambaye wakati huo mnyororo ulikuwa mkononi mwake, aliiweka shibe katika darasa moja na njaa, akakiri kwamba zote mbili ilimbidi afundishwe.

Niruhusu nitoe mfano wangu mwenyewe, kwa kuwa huo ndio ninaoujua kwa ndani. Kwa miaka miwili niliugua uti wa mgongo. Maumivu yaliniamsha karibu kila usiku saa tisa, na kwa kuwa sikuweza kulala wala kusoma kwa muda mrefu, nilisali. Sijivunii sala zile. Nyingi zilikuwa manung'uniko, na usiku mwingine nilirudia tu Zaburi ya 88, ambayo ni zaburi ya pekee kwa jinsi inavyoanza gizani na kuishia gizani, bila ule mgeuko wa matumaini tunaoutazamia katika zaburi za maombolezo. Ilinisaidia kujua kwamba wimbo kama huo umeruhusiwa kubaki ndani ya Biblia bila mtu kuuongezea beti la furaha. Wenzangu wa kanisani walikuja kwa zamu, wengine wakiwa na hekima na wengine wakiwa na maswali ya kunichunguza dhambi, lakini walikuja. Hatimaye nilifanyiwa upasuaji, nikapona, na haukupita mwaka mambo yangu ya kazi yakanyooka kuliko yalivyowahi kunyooka. Siku moja mke wangu aliniuliza kwa nini siku hizi hanisikii nikisali usiku. Nilimjibu kwamba siku hizi nalala vizuri.

Jibu lile lilikuwa la kweli, na ukweli wake ndio ulionitisha. Nilipohesabu nyuma niligundua kwamba kwa miezi ipatayo tisa sikuwa nimemwambia Mungu neno lolote zaidi ya baraka ya chakula na yale tunayoitikia pamoja ibadani. Sikuwa nimemkana. Sikuwa nimetenda uovu mkubwa ambao mtu angeweza kuuonyesha kwa kidole. Nilikuwa nimeacha kumhitaji tu, na nilikuwa nimeacha kwa utulivu ambao nisingeutambua kama nisingeulizwa. Tena katika kipindi chote hicho sikumbuki mtu hata mmoja aliyekuja nyumbani kunijulia hali ya roho. Waliokuja walikuja na bahasha za michango ya ujenzi, na niliwapa, na walishukuru, na sote tuliagana tukiamini kwamba imani yangu ni nzima.

Maandiko yametuonya juu ya hali hii mara nyingi kuliko tunavyosikia mimbarani. Katika Kumbukumbu la Torati sura ya 8, Waisraeli wakiwa bado hawajavuka Yordani, Musa hawaonyi sana juu ya njaa, ambayo jangwa lilikuwa limekwisha kuwafunza kwa miaka 40, anawaonya juu ya siku watakapokula wakashiba, wakajenga nyumba nzuri, na ng'ombe na kondoo wao wakaongezeka, mtu akasema moyoni mwake: "Nguvu zangu na uwezo wa mkono wangu ndio ulionipatia utajiri huu." Zaburi ya 30 inakiri hivyo hivyo kwa sentensi moja: "Nami nilipofanikiwa nalisema, Sitaondoshwa milele." Mfalme Uzia, aliyetawazwa akiwa na miaka 16 na kutawala 52, alimtafuta Mungu alipokuwa dhaifu, na kitabu cha Mambo ya Nyakati kinasema wazi kwamba moyo wake uliinuka alipokwisha kupata nguvu.

Lakini mfano ninaourudia zaidi ni wa Hezekia, mfalme wa Yuda, kwa sababu nauona kila Jumapili. Hezekia aliugua karibu kufa, akageuza uso wake ukutani, akalia. Mungu akamwongezea miaka 15, na ishara ikatolewa ya kivuli kurudi nyuma madaraja 10. Habari zilifika Babeli, na Mambo ya Nyakati ya Pili inaeleza kwamba wajumbe walitumwa kuuliza juu ya ile ajabu iliyotendeka katika nchi. Wageni wamekuja kutoka mbali kuuliza habari za Mungu aponyaye. Hezekia akawaonyesha nini? Akawaonyesha fedha, dhahabu, manukato, mafuta ya thamani na nyumba ya silaha. Kitabu cha Wafalme kinasema hapakuwa na kitu katika nyumba yake wala katika ufalme wake ambacho hakuwaonyesha. Waliuliza juu ya muujiza, wakatembezwa ghalani. Na mwandishi wa Nyakati anaongeza maneno ambayo sijawahi kuyasikia yakihubiriwa: kwamba katika jambo hilo la wajumbe Mungu alimwacha Hezekia ili amjaribu, ayajue yote yaliyokuwa moyoni mwake. Ugonjwa haukuitwa jaribu. Ziara ya wageni wenye heshima, mtu akiwa mzima na ghala zake zikiwa zimejaa, ndiyo iliyoitwa jaribu.

Hapo, Ndugu Mhariri, ndipo ninapofika kwenye desturi yetu ya kutoa ushuhuda. Siipingi; imani isiyosimuliwa hufifia. Ninachopinga ni namna tulivyoipunguza ikawa na umbo moja tu: nilikuwa mgonjwa, sasa nimepona, nilikuwa sina, sasa ninacho. Anayeruhusiwa kusimama ni yule ambaye hadithi yake imekwisha, tena imekwisha vizuri. Yule ambaye bado anatibiwa, ambaye bado anatafuta mtoto, ambaye deni bado halijalipika, anaambiwa kwa upole asubiri, kana kwamba Mungu hana la kusemwa juu yake mpaka mambo yatakapokaa sawa. Matokeo yake ni kwamba wenye shida wanajifunza kuficha shida, na wenye neema wanajifunza kuonyesha ghala.

Wale vijana watatu waliosimama mbele ya Nebukadreza, mfalme wa Babeli, wakitishiwa kutupwa katika tanuru ya moto kwa kukataa kuiabudu sanamu yake, walitoa ushuhuda wao kabla ya tanuru. Walisema Mungu wao aweza kuwaokoa, kisha wakaongeza maneno manne: "Bali kama si hivyo." Hawakujua mwisho wa hadithi yao wakati waliposema. Sisi tunaoujua huwa tunawahi kwenye mtu wa nne aliyeonekana motoni, tukaruka maneno hayo manne ambayo ndiyo imani yenyewe. Tena si kila tanuru humwacha mtu atoke. Katika Matendo ya Mitume sura ya 12, Herode anamuua Yakobo ndugu yake Yohana kwa upanga, kisha anamkamata Petro, na malaika anamtoa Petro gerezani usiku. Sura ni moja na mfalme ni yuleyule. Yakobo na Petro wote wawili walikuwa miongoni mwa wale watatu waliopanda mlimani na Yesu alipogeuka sura. Luka haandiki neno hata moja la kueleza kwa nini mmoja aliuawa na mwingine akafunguliwa, na sisi hatuna ruhusa ya kumwandikia. Waebrania sura ya 11 nayo inafanya hivyo hivyo: kwa imani wengine walifunga vinywa vya simba na kuokoka na makali ya upanga, na kwa imani ileile wengine walikatwa kwa misumeno na kuuawa kwa upanga, na orodha haisimami katikati kutofautisha imani kubwa na imani ndogo.

Ndiyo maana mafundisho yanayosema kwamba afya na mali ni kipimo cha imani, ambayo wengi huyaita injili ya mafanikio, yananisikitisha. Mara nyingi hukosolewa kwa sababu yanawaumiza maskini na wagonjwa, kwa kuwa juu ya umaskini na ugonjwa wanawekewa mzigo wa tatu wa kuambiwa kwamba kosa ni lao. Ukosoaji huo ni wa haki. Yesu mwenyewe alikataa hesabu hiyo alipotaja watu 18 walioangukiwa na mnara wa Siloamu, na aliikataa tena mbele ya mtu aliyezaliwa kipofu. Elifazi, Bildadi na Sofari, rafiki zake Ayubu, walifanya jambo jema walipokaa chini naye katika msiba wake siku saba mchana na usiku bila kusema neno; walipofungua vinywa na kuanza kumtafutia dhambi ndipo walipostahili hasira ya Mungu. Nami, niliyewahi kuulizwa maswali ya namna hiyo nikiwa nimelala kwa ubavu mmoja kwa sababu ule mwingine ulikuwa haulaliki, najua jinsi siku saba za kwanza zinavyokuwa na thamani.

Lakini mafundisho hayo yanamuumiza pia aliyefanikiwa, na hilo halisemwi. Yanamwambia kwamba Mungu ameridhika naye na kwamba akaunti yake ndiyo shahada yake. Yanamwondolea haja ya kujihoji. Siku mambo yatakapombadilikia, kama yanavyoweza kumbadilikia yeyote, atapoteza mali na kumpoteza Mungu kwa wakati mmoja, kwa sababu alifundishwa kwamba vitu hivyo viwili ni kimoja. Swali la Shetani juu ya Ayubu, kama mtu huyu anamcha Mungu bure, liliulizwa wakati Ayubu ana kondoo 7,000 na ngamia 3,000, wakati hajaumwa hata kichwa. Sisi huanza kumsoma Ayubu anapokaa majivuni. Kitabu kinaanza mapema zaidi, kinaanza na baba tajiri anayeamka asubuhi kutoa sadaka za kuteketezwa kwa ajili ya watoto wake, akihofu kwamba huenda wamemkufuru Mungu mioyoni mwao katika karamu zao. Ayubu alikuwa anasali wakati analala vizuri. Naamini ndiyo sababu, habari mbaya zilipofika moja juu ya nyingine, mdomo wake ulikuwa tayari na maneno: "BWANA alitoa, na BWANA ametwaa, jina la BWANA na libarikiwe." Sentensi ile inaanza na vitenzi viwili, alitoa na ametwaa, na mtu ambaye hakukiri cha kwanza wakati wa neema hawezi kukitamka cha pili wakati wa msiba bila kusema uongo.

Natambua kwamba kuna msomaji atakayekasirika. Atasema ni rahisi kwa aliyeshiba kuandika kwamba shibe ni mtihani, na kwamba mama anayemuuguza mtoto usiku huu angebadilishana mtihani nami bila kufikiri mara mbili. Ana haki, nami ningebadilishana pia nilipokuwa kitandani. Sisemi kwamba taabu ni afadhali. Taabu nyingine huvunja watu, na nimewaona waliovunjika ambao imani yao haikuwa ndogo kuliko yangu. Wala sikubaliani na wale wanaomwambia mgonjwa kwamba Mungu amempa ugonjwa ili amfundishe. Mwenye kusema hivyo na aseme juu ya ugonjwa wake mwenyewe, na hata hapo aseme kwa sauti ya chini. Ninachosema ni kwamba mwenye taabu anajua kuwa yuko mtihanini, na sisi tulioshiba hatujui.

Kanisa la kale lililijua jambo hili pande zote mbili. Tauni ilipoikumba Karthago, mji wa Afrika Kaskazini, katikati ya karne ya 3, baadhi ya Wakristo walitatizwa kwamba ugonjwa unawaua wao sawasawa na wasioamini, nao wakamuuliza askofu wao Sipriano faida ya imani ni ipi. Aliwajibu kwamba maadamu tungali katika dunia hii, tunashiriki mwili mmoja na wanadamu wote na yote yaupatayo mwili. Hakuwaahidi kinga. Yeye mwenyewe aliuawa kwa ajili ya imani mwaka 258. Na upande wa pili, karne nyingi baadaye, John Wesley, mwanzilishi wa Umethodisti aliyefariki mwaka 1791, alihuzunika uzeeni mwake kwa fumbo ambalo hakulipatia dawa ya kutosha: kwamba dini ya kweli humfanya mtu awe na bidii na asiwe mbadhirifu, kwamba bidii na kutofuja huleta mali, na kwamba mali ikiongezeka, kiburi na kuipenda dunia huongezeka nayo, mpaka kinabaki kivuli cha dini bila roho yake. Alisimulia habari za kijana mmoja wa Oxford aliyepata pauni 30 kwa mwaka, akaishi kwa 28 na kutoa 2. Mwaka uliofuata alipata 60, akaishi kwa 28 zilezile na kutoa 32. Wa tatu alipata 90 akatoa 62. Wa nne 120 akatoa 92. Wengi huamini kijana huyo ni Wesley mwenyewe. Mimi hesabu ile sijaiweza, na nakiri hivyo hadharani kwa kuwa barua hii inahusu kukiri. Lakini angalau inaonyesha mtu aliyeitambua nyongeza ya kipato kuwa ni hatari inayohitaji kuwekewa ulinzi mapema, kama tunavyoweka ulinzi dhidi ya maradhi.

Kwa hiyo ombi langu kwa viongozi wa makanisa, na kwa wazee wenzangu wa kanisa, ni dogo na linawezekana. Mruhusuni aliye bado katikati ya taabu asimame na kusema anavyomtumaini Mungu leo, bila kumlazimisha atupe mwisho wa hadithi. Akilia, muacheni alie, na msimrukie kwa pambio. Na mnapopanga ratiba ya kuwatembelea wenye matatizo, wekeni humo pia yule aliyepandishwa cheo mwezi uliopita, na yule ambaye biashara yake imefunguka, na wale waliohamia nyumba mpya. Nendeni bila bahasha za michango, mkamuulize kila mmoja kama bado anasali na anaomba nini.

Nilipolitoa wazo hili katika kikao chetu, mzee mwenzangu mmoja, mtu ninayemheshimu, aliuliza kwa dhati tukifika huko tutamwombea nini mtu ambaye hana shida. Nilifungua Mithali sura ya 30 nikamsomea sala ya Aguri bin Yake: "Usinipe umaskini wala utajiri, unilishe chakula kilicho kadiri yangu. Nisije nikashiba nikakukana, nikasema, BWANA ni nani? Wala nisiwe maskini sana, nikaiba, na kulitaja bure jina la Mungu wangu." Alisikiliza mpaka mwisho, akavua miwani yake, akaifuta taratibu, kisha akaniuliza kama nina hakika kwamba mwenyeji wetu ataitikia Amina.

Wako katika huduma,
Mzee wa Kanisa